Chungu cha Sarang'ombe

Sarang'ombe, Kibera
10 Machi 1974

Kwa Senge Nasipwondi, Kabiro, Kawangware.

Senge wangu,

Pokea salamu zangu, za Nekoye mke wangu, na za mtoto, ambaye sasa ana meno manne na ameshayajaribu yote kwenye mkono wa pasta. Sisi ni wazima, isipokuwa mguu wangu wa kulia.

Najua utashangaa kuandikiwa kwa posta na mtu anayekaa mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwako. Shida ni huo mwendo. Mguu umevunjika na nimefungwa plasta mpaka kwenye paja.

Ilikuwa hivi. Sisi wapangaji tulikubaliana kuchimba choo cha watu wote pale ukingoni mwa kiwanja. Tulipofika kina cha kifua, jembe la jirani yangu Dalmas likagonga kitu, ko. Nikainama kuangalia. Senge, niliinama zaidi ya kiasi. Nilipofumbua macho nilikuwa chini, na mbele ya pua yangu kulikuwa na chungu kikubwa sana cha udongo, kimefunikwa mdomo chini. Dalmas akauliza kutoka juu, "Wakoli, umeumia?" Nikamjibu, "Nyamaza kidogo, niko na watu wa kale."

Tumekitoa. Mtoto wa miaka sita anaweza kukaa ndani yake na kujifunika. Shingoni kina mistari iliyopindana, sawasawa na vyungu vya kukhu, mama yenu wewe na baba yangu, kule nyumbani Kimilili. Nimewaza sana nikiwa kitandani, maana sina kazi nyingine. Naona watu wetu, Wabukusu, walipita hapa Kibera zamani, labda miaka elfu moja iliyopita, wakaacha chungu cha kuwawekea wasafiri maji. Si pombe. Nimekinusa mwenyewe, na unajua mimi ni katibu wa chama chetu cha wasiokunywa, kwa hiyo pua yangu ni ya kuaminika.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Mzee Murunga, mwenye vyumba vingi huku, amesimamisha nguzo kwenye kile kiwanja. Anasema ana karatasi. Ofisi iliyotoa karatasi hiyo hakuna anayeijua. Anataka kujenga vyumba arobaini, na kiwanja ndipo mahali pekee palipotubakia pa kuanika nguo, pa mahubiri na pa watoto kukimbia. Dalmas amesoma gazetini kwamba mahali palipopatikana vitu vya kale hapajengwi mpaka wataalamu waje wapaangalie. Nataka kuwaandikia watu wa makumbusho.

Wewe ndiye mkubwa wetu aliyebaki. Unajua lolote kuhusu watu wetu kupita hapa? Na uje ukione. Tangu nioe hujakanyaga Kibera hata siku moja.

Mimi mwanao,
Wakoli


Kabiro, Kawangware
29 Machi 1974

Kwa Wakoli, mwanangu niliyemlea,

Barua yako imefika jana, siku kumi na nane baada ya kuandikwa. Konokono angeweza kuileta na kupata muda wa kupumzika Riruta.

Nashukuru Mungu kwa meno ya mtoto. Nasikitika kwa mguu. Mimi ni mzima ila goti. Matope ya huku ni yale yale. Kanisani wamenichagua mwenyekiti wa akina mama, na tumeshonesha sare mpya, nyeupe, kola ya zambarau. Wananiita Mama Mwenyekiti hata sokoni.

Kuhusu chungu, kirudishe mlikokitoa. Choo chimbeni mahali pengine. Huwezi kujua kilikuwa na nini. Kinaweza kuwa na ugonjwa. Kinaweza kuwa na laana. Au kinaweza kuwa chungu tu, na utawasumbua watu wa makumbusho ambao wana kazi zao. Usimwandikie mtu yeyote.

Je, mdomoni kimebanduka kipande upande mmoja, kiasi cha kuingia kidole gumba? Nauliza tu.

Na huyo Murunga ni yule mwenye pengo la meno ya mbele? Usimwonyeshe chungu.

Siwezi kuja kwa sababu ya goti.

Ni mimi senge wako,
Nasipwondi


Sarang'ombe
7 Aprili 1974

Senge,

Salamu za nyumba nzima zikufikie. Mguu unawasha ndani ya plasta na nimepata kijiti kirefu cha kujikunia, kwa hiyo siwezi kulalamika. Hongera kwa uenyekiti.

Umejuaje habari ya mdomo? Kipande kimebanduka kweli, na kidole gumba kinaingia kama kimepimwa. Niliposoma hapo nywele zilinisimama. Nilimwita Dalmas, naye akawaita watu, na sasa mtaa mzima unajua kwamba senge wangu wa Kawangware huonyeshwa mambo. Mama mmoja ameniomba nikuulize kuku wake alikwenda wapi.

Barua ya makumbusho nilikuwa nimeshaituma kabla ya yako kufika. Wamejibu. Atakuja mtaalamu, Bi. Kalondu, Jumamosi tarehe 18 Mei, saa nne asubuhi. Wamesema tusikioshe. Nekoye alikuwa amekiosha mara mbili.

Hapa pana ugomvi kidogo. Dalmas anasema chungu ni cha Wajaluo, kwa sababu ni yeye aliyekigonga. Gathoni anayeuza makaa anasema watu wake ndio walikuwa jirani na msitu huu, basi ni chao. Wazee wa Kinubi wamekuja wakakizunguka, wakasema baba zao walipopewa pahali hapa palikuwa pori tupu, na hawakusikia habari ya chungu. Mimi nimewaambia tungoje sayansi.

Murunga naye alikuja kukiona. Nisamehe, barua yako ya kunikataza ilikuwa imefika lakini yeye alishaingia mlangoni. Ndiyo, ana pengo. Alikitazama chungu, akakaa kwenye stuli bila kukaribishwa, akaomba maji. Halafu akauliza polepole, "Nasipwondi anakaa wapi siku hizi?" Sikujua kama mnajuana. Alipoondoka alisahau kofia. Kesho yake akaleta sufuria mpya ya aluminiamu, yenye kifuniko na vishikio viwili, akitaka tubadilishane. Nekoye aliitazama sufuria ile kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nilikataa.

Nijibu upesi. Unamjuaje?

Wakoli


Sarang'ombe
28 Aprili 1974

Senge,

Salamu. Hujajibu, na majuma matatu yamepita. Nimemuuliza kila mtu anayetoka Kawangware, wanasema unaonekana kanisani, umevaa sare, unatembea vizuri kabisa. Goti limepona?

Murunga sasa analeta mbuzi. Mbuzi kwa chungu kilichobanduka mdomo. Dalmas anasema hakuna mtu anayetoa mbuzi kwa kitu kisicho na thamani, kwa hiyo huenda ni miaka elfu mbili.

Nguzo zake zimefika thelathini na sita.

Wakoli


Kabiro, Kawangware
3 Mei 1974

Mwanangu Wakoli,

Nakusalimu wewe, mke wako na mdogo wetu. Huku tumekuwa na mkutano wa maombi siku tatu, mvua ikanyesha siku tatu, na kwaya ya Riruta ikaimba siku tatu, yote kwa wakati mmoja. Goti linakuja na kwenda.

Murunga alikuja hapa kwangu. Alikaa, akanywa chai, akasifu kola yangu ya zambarau. Tulizungumza mambo ya zamani.

Mpe hicho chungu. Chukua sufuria au mbuzi au usichukue chochote. Huyo mama wa makumbusho mwambie kilivunjika. Mimi ndiye niliyekulea, sijawahi kukuomba kitu bila sababu, na safari hii nakuomba usiniulize sababu.

Senge wako


Sarang'ombe
12 Mei 1974

Senge,

Salamu kwako. Sitaandika habari za meno leo.

Nimeisoma barua yako mara nne nikitafuta mahali ulipotania. Ungeniambia nikupe mguu wangu mzima ningekata. Lakini hili siwezi, na nitakwambia kwa nini, ingawa wewe hutaki kuniambia kwa nini.

Unamkumbuka Aoko, mke wa Dalmas? Alifariki Februari. Jeneza halikupita kwenye mlango wa chumba chao. Tulijaribu kuliingiza kwa ubavu, tukajaribu kwa kona, na Dalmas amesimama pale anatuangalia tukigeuzageuza. Mwishowe tukaliweka kwenye kiwanja, juu ya mabenchi mawili ya kanisa, na hapo ndipo watu walipomuaga siku nzima kabla ya gari kumpeleka nyumbani Nyakach. Kila mtu alipata mahali pa kusimama. Kiwanja kikijengwa vyumba arobaini, Senge, kutakuwa na milango arobaini mingine ya namna ile, na hakuna pa kumlaza mtu.

Sijali tena kama chungu ni cha Wabukusu. Gathoni akikitaka kiwe chake, sawa. Nataka kiwe cha kale, basi.

Kuna nini kati yako na Murunga?

Wakoli


Kabiro, Kawangware
16 Mei 1974

Wakoli,

Siiamini posta tena. Barua hii anakuletea Kavetsa, anayeuza mboga soko la Toi, na nimemwambia akupe mkononi. Salamu kwa wote. Mwambie Dalmas kwamba nimemlilia Aoko leo, sikujua habari ya mlango.

Karatasi ni mbili. Ya kwanza mpe Bi. Kalondu, hata ukitaka isomwe mbele ya watu. Ya pili ni yako peke yako.

KARATASI YA KWANZA

Mimi Nasipwondi wa Kabiro naeleza ninayoyajua. Chungu kilichochimbwa Sarang'ombe si cha watu wa kale. Ni changu. Kilifinyangwa Kimilili na mama yangu, na nilikuja nacho Nairobi kwa treni mwaka 1961, nimekipakata kama mtoto. Wakati huo nilikuwa naishi kando ya kiwanja hicho, nikipika busaa, pombe ya kimera cha nafaka. Watu walitoka kazini Industrial Area wakaja kukaa pale kiwanjani, wa kila kabila, na waliketi kwa utaratibu. Hapo ndipo watu walipopata habari za kazi, za msiba na za nyumbani. Jumapili moja ya mwaka 1966, saa tisa mchana, tulisikia askari wa kanjo, wa baraza la jiji, wanakuja. Tulimwaga busaa, tukakifukia chungu kwenye shimo la takataka tukakipindua mdomo chini ili kisijae udongo. Kipande cha mdomoni nilikibandua mimi kwa mwiko. Nilihama juma lile na sikurudi. Sijui kama habari hii inafaa kuwekwa makumbusho. Lakini kiwanja hicho kilikuwa cha watu wote, nami ni shahidi.

KARATASI YA PILI

Mwanangu, sasa umejua kwa nini sikuja Kibera. Si goti. Niliogopa mtu ataniita jina la zamani mbele yako. Wewe ulikuwa shule ya bweni, na busaa ile ndiyo iliyokusomesha, kila kitabu. Ulipokuwa katibu wa wasiokunywa niliona bora nife nayo. Mama naye aliniuliza chungu chake mpaka alipofariki, nikamwambia kilivunjika kwenye treni. Hilo ndilo linaloniuma zaidi ya kanisa.

Kuhusu Murunga, yeye ndiye aliyenisaidia kuchimba. Alikuwa mteja wangu wa kila siku, na alikunywa kuliko kimo chake. Askari walipokaribia hakuwa na njia ya kutoka, basi akaingia chumbani kwangu akavaa gauni langu la kanisa, akajifunga kitambaa kichwani, akabeba karai la nguo. Alipita katikati ya askari sita. Mmoja alimsalimia, "Habari ya leo, mama," naye akaitikia kwa sauti nyembamba, "Nzuri, mwanangu." Pengo alilipata siku hiyo hiyo. Alikanyaga pindo akaangukia karai.

Siku hizi ni mzee wa kanisa. Alikuja kunikumbusha kwamba nikitaja busaa yake atataja yangu. Mimi yangu nimeshaitaja. Ya kwake nakuomba uihifadhi. Simpendi, lakini siku ile alichimba haraka.

Senge


Sarang'ombe
19 Mei 1974

Senge,

Nakusalimu nikiwa nimeketi, maana nina jambo la kuungama na ningependa na wewe uketi.

Bi. Kalondu alifika saa nne kamili, mama mfupi mwenye viatu vya kazi. Mtaa wote ulikuwa kiwanjani. Alikipima chungu, akakigonga kwa kucha, akachungulia ndani kwa tochi. Halafu akasema bila kutuficha, "Hiki hakijafika hata miaka sitini." Watu walishusha pumzi kama mpira uliotobolewa. Murunga alikuwa ameegemea nguzo yake moja, akatabasamu.

Nikasema kuna barua. Mimi nilikuwa na magongo mikononi, kwa hiyo nilimpa Dalmas aisome. Ana sauti, ni katekista. Akasoma ya kwanza. Senge, Gathoni alifuta macho akajipaka makaa. Bi. Kalondu alikuwa ameacha kuandika, anasikiliza tu.

Nilikuwa nimezikunja karatasi pamoja. Hilo ndilo kosa langu. Dalmas akaigeuza akaingia ya pili bila kuvuta pumzi. Nilimwita mara mbili. Unajua Dalmas akianza kusoma hasimami mpaka aone Amina, na wewe hukuandika Amina.

Alipofika kwa askari sita, watu wote walikuwa wamegeuka wanamtazama Murunga. Akatokea bibi mmoja mzee wa nyuma, anayeishi hapa tangu zamani, akasema, "Kumbe ni yeye. Lile gauni la maua ya manjano."

Murunga akasema, chini chini, "Ya buluu."

Sijui nikueleze vipi kicheko kile. Watu walishikana. Bi. Kalondu aliketi chini na tochi yake. Murunga alisimama hapo amekaza uso, kisha nikaona mabega yanatikisika, na naye akaanza kucheka mpaka akateleza kwenye nguzo akakaa mchangani.

Dalmas peke yake hakucheka. Alisubiri watu wanyamaze, akamwambia, "Mzee Murunga, siku ya Aoko ulikuwa hapa. Ulishika jeneza upande wa kushoto." Murunga akasema ndiyo. Dalmas alinirudishia karatasi.

Bi. Kalondu ametuambia ukweli: kwa sheria ya vitu vya kale hawezi kukilinda kiwanja. Lakini atawaandikia baraza la jiji kwamba hapa ni mahali pa watu wote tangu miaka mingi, na kuna ushahidi wa maandishi. Ushahidi ni wewe. Chungu amekichukua, na karatasi zote mbili. Murunga alimsihi aiache ya pili. Akajibu kwamba historia haiji nusu.

Leo asubuhi kabla ya kanisa Murunga alikuja na watu wawili, wakaanza kung'oa nguzo.

Senge, kuhusu busaa na vitabu vyangu. Nilikaa nalo usiku na mchana. Kabla hawajakipakia chungu nilikinusa tena. Ukijua unachotafuta, harufu ipo. Nimejiuzulu ukatibu, si kwa hasira. Niliona siwezi tena kusimama kuwaambia watu kwamba ndani ya chungu kile hakukuwa na kitu chema.

Nisamehe karatasi ya pili.

Mwanao, leo kuliko jana,
Wakoli


Kabiro, Kawangware
24 Agosti 1974

Mwanangu Wakoli,

Salamu kwako, kwa Nekoye na kwa huyo mwenye meno, ambayo nasikia ni kumi. Nafurahi umetolewa plasta. Nafurahi pia kwamba baraza la jiji wameleta mtu wa kupima kiwanja na akaondoka bila kuacha nguzo yoyote.

Nilichelewa kukujibu kwa sababu nilikuwa nimekukasirikia, kisha nikaona aibu kukukasirikia, kisha nikawa na kazi. Habari ilifika Kawangware kabla Dalmas hajafunga mdomo. Nilisimama kanisani mwenyewe nikasema yote. Pasta alinipumzisha uenyekiti miezi mitatu, na nafasi akaishika Mama Musimbi, ambaye hajawahi kucheka tangu nimjue na ambaye huwanusa watu mlangoni. Murunga naye alisimama kwenye kanisa lake. Wameniambia walimsamehe busaa mara moja, lakini gauni wakalijadili hadi saa nane.

Jana nilikwenda makumbusho. Mama Musimbi alisema hataniacha niende peke yangu, nikajua anakuja kunichunga. Bi. Kalondu alitupeleka chumba cha nyuma, kwenye rafu. Kipo pale, Wakoli, kimefutwa vumbi, kati ya mawe ya watu wa kale sana, kama mgeni aliyekuja mapema. Kina kadi: "Chungu cha busaa. Kibera. Mwenyewe, Nasipwondi." Nilimwambia kuna kosa. Akatoa kalamu, akakata, nami nikamtajia herufi za jina la mama moja moja, akaandika, "Kimefinyangwa na Nabwile, Kimilili."

Kisha akaniruhusu nikiguse. Nikaingiza mkono mpaka chini kabisa, kama nilivyokuwa nikifanya nikikisugua kwa majivu. Nililia kidogo. Bi. Kalondu akatoka akatuachia chumba.

Mama Musimbi alikuwa amesimama nyuma yangu na mkoba wake. Nikangoja maneno ya Biblia. Akasogea, akachungulia ndani ya chungu, akauliza, "Kimera chako kilikuwa wimbi tupu?"

Nikamwambia wimbi, na mtama kidogo.

"Mtama ndio ulikuwa unakuharibia," akasema.

Ni mimi, senge wako, na goti langu zima,
Nasipwondi